Nilimpima Baba Mkwe Moyo Sebuleni, Baada ya Ugali

Kosa ni langu. Nalitanguliza mapema usije ukanionea huruma katikati ya maelezo halafu ukajuta. Mashine haikukosea, mgonjwa hakukosea, na shetani, ambaye wengi wetu humsingizia, nadhani siku hiyo alikuwa amepumzika kama watu wengine, maana ilikuwa Jumapili.

Mimi ni tabibu katika kituo kimoja cha afya upande wa ziwani, si mbali na Murangi. Jina langu liache, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Watu wa huku huniita dokta, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Nilichaguliwa kwenda Musoma mjini kwenye mafunzo mafupi. Tulifundishwa kutumia ultrasaundi ya kubebeka, kile kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye simu. Unampaka mgonjwa jeli kifuani akiwa palepale kitandani, unaweka kipimo, na moyo wake unauona kwenye kioo cha simu ukidunda. Jamani! Mara ya kwanza nilipouona moyo wa mtu aliye hai ukifungua na kufunga milango yake, machozi yalinilengalenga. Hapo sifanyi utani.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo na macho makali. Alituambia, "Hiki si kipimo cha kujibu kila kitu. Kinajibu maswali machache ya haraka. Moyo unasukuma vizuri au umechoka? Kuna maji yameuzunguka? Upande wa kulia umevimba? Basi. Na ukiona kitu, usifungue mdomo kabla hujatazama kwa madirisha mengine."

Madirisha ni zile sehemu ambazo moyo huonekana kupitia kwazo: kando ya mfupa wa kifua, chini ya titi la kushoto mgonjwa akiwa amelalia ubavu, na chini ya mbavu, pale tumbo linapoanzia. Alituonya hasa kuhusu maji. Alisema mbele ya moyo huwa kuna mafuta, hasa kwa watu wanene, nayo kwenye kioo hujitokeza kama utepe mweusi, na mtu mwenye haraka atayaita maji. Maji hupenda kwenda nyuma. Mafuta hukaa mbele na kuchezacheza pamoja na moyo.

Niliyaelewa yote. Kwenye mtihani wa mwisho nilikuwa wa kwanza, na hilo niliwaambia watu wengi kuliko walivyouliza.

Nikarudi kituoni. Haukupita muda, nikaletewa mvuvi mmoja, anahema kama aliyekimbizwa, mishipa ya shingo imemtoka. Nikamwekea kipimo dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Maji! Yameuzunguka moyo mbele na nyuma, moyo wenyewe unaogelea. Tukapiga simu, gari la wagonjwa likampeleka Musoma, wakamtoa yale maji, akapona. Aliporudi alikuja na ndoo ya sato akapiga magoti mlangoni kwangu, mke wake anapiga vigelegele.

Siku hiyo ndiyo niliyoharibika.

Habari zilienea. Wakaja watu wazima kabisa wasiougua kitu, wanataka tu kuona mioyo yao. Akina mama wa kwaya walikuja kwa kundi. Kuna mzee alitaka nimwoneshe mkewe kwamba moyo wake ni mweupe. Na mimi, badala ya kuwarudisha, nilikuwa nawaonesha mmoja mmoja huku nikitoa maelezo kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nikaanza kutembea na kile kipimo mfukoni mwa koti, nje ya kituo, kinyume na maagizo ya mganga mfawidhi, yaani bosi wetu. Niliona kinanipendeza.

Sasa nikutajie niliyempoteza, ili ujue hadithi inaelekea wapi.

Nilikuwa na mchumba. Nimwite Nyamisi. Ni mwalimu Bunda, mwanamke wa maneno machache na kicheko cha kushtukiza. Barua ya posa ilikuwa imejibiwa vizuri, imebaki siku ya kuzungumza mahari. Baba yake, nimwite Mzee Magesa, anaishi Kiabakari, ana ng'ombe wa kueleweka, na ni mzee wa kanisa. Ni mtu mkubwa kwa kila namna. Akikaa kwenye kochi la watu watatu, wa pili anauliza kwanza.

Jumapili hiyo nilialikwa chakula. Nilipofika, Mzee alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kanisani, anapanda kilima kidogo cha kwake huku akisimama mara kwa mara. Tukala. Yeye meza kubwa, mimi pembeni na shemeji yangu, kaka yake Nyamisi, kama inavyotakiwa. Alipomaliza ugali wake akashusha pumzi ndefu yenye mluzi ndani.

Mama mkwe akasema, "Huyu siku hizi anahemaga sana. Nikimwambia aende hospitali anasema ni uzee."

Shemeji, ambaye alikuwa ameshasikia sifa zangu mara nyingi kutoka kwangu mwenyewe, akadakia, "Si dokta yupo hapa? Dokta, si ulisemaga unatembeaga na mashine ya kuona moyo?"

Nyamisi alikuwa anakusanya vyombo. Akanitazama na kusema taratibu, "Leo Jumapili. Aje kituoni kesho apimwe vizuri."

Ningemsikiliza! Lakini koti lilikuwa begani na kipimo kilikuwa mfukoni. Nikakitoa, na sebule nzima ikanigeukia.

Hapa lazima ujue jambo moja la kwetu. Mkwe ana mipaka yake. Hukai naye kochi moja, humwangalii usoni muda mrefu, na mwili wake huuoni. Ukimkuta shambani amevua shati, unapita njia nyingine. Sasa, kwa kipimo hiki, mgonjwa hutakiwa kuvua, alale chali, alale ubavu, na lile dirisha la chini ya mbavu linataka ulegeze mkanda wa suruali na kukandamiza tumbo. Tumbo la baba mkwe! Mbele ya mama mkwe!

Nikaona haya. Nikamwomba afungue vifungo viwili tu vya juu. Nikaingiza mkono huku nimegeuza uso dirishani kwa adabu, yeye naye akatazama juu darini. Nikamtazama kwa dirisha moja tu, akiwa ameketi, ameshiba, shati mwilini. Mtu yeyote aliyenifundisha angenipokonya kile kipimo palepale.

Kwenye simu ukatokea utepe mweusi mbele ya moyo.

Moyo wangu mwenyewe ukaruka. Nikamwona yule mvuvi, nikaiona ndoo ya sato. Nikasema, tena kwa sauti, "Baba, kuna maji yameuzunguka moyo wako."

Mama mkwe akaangusha kitambaa. Mzee akauliza, "Hayo maji yanafanyaga nini mtu?"

Jibu la mtu mwenye akili lilikuwa: sijui bado, twende Musoma ukapimwe. Mimi nikasema, "Baba, sitakuficha. Hali hii inaweza kumchukua mtu ghafla."

Ona mambo hayo. Niliona haya kumwona mzee tumbo, sikuona haya kumtangazia kifo akiwa bado na mchuzi kwenye vidole.

Mzee hakulia. Alifunga vifungo vyake vizuri, kimoja kimoja, akasema, "Asante mwanangu. Nashukuru nimeambiwa na mtu wa nyumbani." Nilimshauri aende hospitali Musoma kesho yake. Akatikisa kichwa. "Nitaenda. Lakini kwanza nikae na watu wangu. Mtu akiitwa, anaagaga."

Nyamisi alinisindikiza hadi barabarani. Gari lilipofika akanishika mkono akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu kwamba kazi yangu naijua.

Jumatatu, kituoni, hakukuwa na wagonjwa wengi. Nikaifungua ile picha niliyoihifadhi kwenye simu niitazame tena, na ukweli ni kwamba niliitazama kwa kujisifu. Nikairudia. Utepe upo mbele, nyuma hakuna kitu. Na ule utepe haukuwa mweusi sana. Ulikuwa na vidoavidoa, nao ulikuwa unacheza pamoja na moyo, unakwenda nao, unarudi nao.

Mafuta. Yale mafuta tuliyoambiwa.

Au pengine si mafuta? Nikajibembeleza hivyo. Picha ya dirisha moja haitoshi kusema ndiyo, basi haitoshi kusema hapana pia. Unaona nilivyokuwa msomi mzuri nilipotaka kujificha! Namba ya mwalimu wetu nilikuwa nayo. Nilikaribia kumtumia ile picha, nikaona atanidharau, nikaifunga. Nikajiambia kwamba mzee ataenda hospitali wiki hii, watamwambia wenyewe, yataisha kimyakimya.

Kesho yake Mzee akanipigia simu. "Mwanangu, Jumamosi nina kikao cha nyumbani. Uje. Wewe ndiye utakayewaeleza."

Pale ndipo mlango ulipofunguliwa wazi mbele yangu. Ilikuwa niseme tu, "Baba, subiri, nadhani nimekosea." Maneno manne. Nikasema, "Sawa baba, nitakuja." Mungu wangu!

Jumamosi nikavaa shati jeupe nikaenda Kiabakari. Turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, mbuzi ameshachinjwa. Walikuwepo watoto wake wa kiume, wazee wenzake wa kanisa, na mtu mmoja mwembamba aliyekaa pembeni kabisa, kofia magotini. Huyo nikaambiwa ni mdogo wake Mzee, anayevua huku kwetu Murangi. Walikuwa hawajasemeshana miaka mingi kwa sababu ya shamba.

Mzee akafungua kwa sala. Kisha akaniita nisimame. "Dokta, waeleze."

Nikasimama. Nilikuwa na shaka moyoni tangu Jumatatu, na niliposimama nikaeleza jinsi maji yanavyoubana moyo, nikitumia mikono miwili, ngumi na kiganja, kama tulivyooneshwa darasani. Nilieleza vizuri sana. Mzee mmoja wa kanisa alisema amina. Nyamisi alikuwa mlangoni mwa jiko, na sikumtazama.

Baada yangu Mzee akagawa ng'ombe. Huyu hawa, yule wale, mama yenu hawa wa maziwa wasiguswe na mtu. Watoto wakainamisha vichwa kwa huzuni, huku mmoja akichungulia zizi.

Kisha akamgeukia yule mtu mwembamba. Sauti ikaanza kumkatika. "Mdogo wangu. Ile mikonge ya mpaka, niliihamisha mimi. Ulikuwaga ziwani. Niling'oa nikapanda upande wako, halafu nikaapa mbele ya kijiji kwamba sijui. Sitaki kwenda nayo kwa Mungu. Shamba ni lako, chukua, na hawa wote wamesikia."

Yule mdogo wake alisimama, kofia ikaanguka. Akaja taratibu mpaka kwenye kiti cha kaka yake, akapiga magoti, akamkumbatia miguu, wakalia wote wawili. Kila mtu pale alilia. Na mimi nililia, bila aibu yoyote, nikijifuta kwa leso. Halafu nikala mbuzi.

Wiki iliyofuata Nyamisi aliomba ruhusa shuleni akampeleka baba yake hospitali Musoma. Huko hawakuona haya. Walimvua shati, wakamlaza chali, wakamlaza ubavu, wakamlegeza mkanda, wakamkandamiza tumbo. Daktari akamwambia, "Mzee, moyo wako hauna maji hata tone. Haya ni mafuta, ya kawaida kwa mwili wako. Tatizo lako ni presha. Iko juu sana." Presha! Inayopimwa kwa ule mkanda wa mkono ambao kila zahanati inao. Siku ile ningekuja na huo badala ya ule mtambo wangu, tungekuwa tunaongea mengine.

Mtu akiambiwa hafi, kwa kawaida hufurahi. Mzee Magesa alitoka hospitali amenuna kama aliyefiwa. Zizi limegawanywa. Mtoto mmoja ameshahamishia ng'ombe wake upande wa Butiama kwa wakwe zake, na alipoombwa awarudishe akasema, "Baba, si ulisema mbele ya wazee wa kanisa?" Mdogo mtu naye alikuwa ameshalima. Na Kiabakari nzima inajua mzee wa kanisa alihamisha mikonge. Alikuwa amejiandaa kufa msafi, sasa inambidi aende sokoni kila wiki na macho ya watu.

Jioni hiyo Nyamisi alinipigia. Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja, "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema sikujua. Kosa la kipimo ni kosa tu, na hata madaktari wakubwa hukosea. Ndugu zangu, ni mara moja tu katika jambo hili lote nilisema kweli bila kuchelewa, na ndiyo iliyoniponza. Nikasema, "Jumatatu nilianza kuwa na shaka."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Kwa hiyo Jumamosi ulisimama pale, baba yangu anajivua nguo mbele ya watu wote, unajua?"

"Sikuwa na hakika, Nyamisi."

"Nilikuuliza pale barabarani kama una hakika. Ukaniambia kazi yako unaijua." Kisha akasema, "Siku tukiwa na mtoto, akaumwa, ukakosea. Mimi utaniambia lini?"

Alisubiri. Alinipa muda mrefu kuliko niliostahili, kisha akasema usiku mwema kwa adabu, kama anavyowaambia wazazi wa wanafunzi wake. Barua yetu ya posa ilirudi kwa mshenga kabla ya mwezi kuisha.

Nilikwenda Kiabakari kuomba msamaha. Mzee alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakunikaribisha kiti, lakini hakunifukuza. Nikasema niliyokuja nayo yote. Akasikiliza mpaka mwisho huku mikono ikifanya kazi.

"Kwa kukosea nimekusamehe," akasema. "Hata mimi nilikosea kukubali kupimwa moyo na ugali mkononi. Lakini ile siku ya kikao uliniangalia. Mtu mzima najianika, na wewe unaniangaliaga tu."

Nikiwa mjinga niliyekubuhu, nikajaribu kutafuta pa kushika. "Lakini baba, angalau haki ya baba mdogo imerudi."

Gunzi likasimama mkononi mwake. "Hiyo ni yangu mimi na Mungu wangu. Usije hapa kuchukua sifa za dhambi yangu."

Nikaondoka.

Kituoni, mganga mfawidhi alinipokonya kipimo. Sasa nakitumia akiwepo yeye, madirisha yote, mgonjwa amevua, hata awe askofu. Barua ya onyo imo kwenye faili langu. Hayo nayastahili na siyalalamikii.

Ila kuna mtu mmoja ambaye bado ananiheshimu. Yule mdogo wake Mzee, mvuvi, hunipitia kila akitoka ziwani na samaki. Ananiita mtumishi wa Mungu. Nimemweleza mara tatu kwamba nilikosea, kwamba sikuona maji yoyote, kwamba nilinyamaza kwa woga. Ananipigapiga bega na kusema, "Unajishushaga sana, dokta." Na wale ndugu wawili sasa wanakula pamoja. Mzee anakunywa dawa zake za presha, anapanda kilima chake bila kusimama. Nasikia wakikaa jioni wanaigiza jinsi nilivyosimama na ngumi na kiganja, wanacheka mpaka wanakohoa.

Wote wamepona, kumbe. Aliyekuja na dawa ndiye amebaki mgonjwa.

Nyamisi hacheki nao. Hilo nimeambiwa na shemeji, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Angecheka, ningejua kuna siku itapita.

Basi wewe unayesoma, uwe unashika kipimo kama mimi, au chaki, au kipaza sauti cha kanisani, nakuomba. Ukiona haya kufanya kazi yote, usiifanye hata nusu. Na ukishakosea, sema siku ileile, hata kama sebule nzima itakucheka. Mimi nilikosea Jumapili, na Jumapili ile ningesamehewa na kila mtu. Kuanzia Jumatatu nilikuwa nadanganya, na niliyetaka kumuoa anaijua tofauti.